Niliwaosha Askari wa Kaka

Niliwaosha askari wa kaka yangu wote sitini na wawili, nikawapaka rangi upya, na kwa wiki mbili nzima nikawa natembea humu ndani nimevimba kichwa kama mtu aliyepewa nishani. Nasema mapema ili msije mkanionea huruma mahali nisipostahili. Nilionywa. Binti wa kaka alinipigia simu siku ile sanduku linaletwa, akaniambia waziwazi, "Shangazi, baba anasema uwaweke tu. Usiwaguse." Mimi nikajibu, "Sawa, mwanangu," kisha nikakata simu nikacheka. Kaka yangu ananiambia usiguse tangu nina miaka sita. Kama ningekuwa mtu wa kusikia, nisingegusa kitu chochote cha maana hapa duniani.

Askari wenyewe ni wa madini, wafupi kuliko kidole cha shahada. Wapiga mikuki thelathini, wapiga upinde ishirini, wapanda farasi kumi na wawili, wote ndani ya deraya na kofia za chuma za zama zile za ngome za mawe, wafalme walipokuwa wakigombania mabonde. Unawapanga mezani, mwenzako anapanga wake upande wa pili, mnapima mwendo kwa rula, mnatupa dadu kujua nani kaanguka na nani kasimama. Ndiyo, watu wazima. Ndiyo, wenye wajukuu. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nina mengi ya kusema.

Tuliwatengeneza sisi wenyewe. Mimi nilikuwa fundi wa meno ya bandia, kaka alikuwa fundi wa magurudumu gereji ya barabara ya pili. Baba yetu alikuwa mtunza maktaba ya shule, na kulikuwa na kitabu kimoja kikubwa, kimekatika mgongo, shule ilitaka kukitupa. Akakileta nyumbani. Kilijaa picha za watu waliovaa vyuma mpaka vidole, na farasi waliovalishwa mashuka. Tukiwa wadogo tulikigombania mpaka mama akawa anakifungia kabatini. Tulipokua nikadhani kaka amekisahau. Kumbe wapi! Jumapili moja mchana, nina miaka ishirini na miwili, niko karakana peke yangu namalizia meno ya mtu, akaingia na mifuko ya suruali inamning'inia. Alikuwa amejaza vile vipande vya risasi vinavyobanwa kwenye rimu ili gurudumu lisitetemeke.

"We Meno," akaniambia. Hilo ndilo jina alilonipa, na mtaa mzima ukamfuata. "Ukiweza kutengeneza jino likamkaa mtu mdomoni, unashindwaje kutengeneza mtu?"

"Mtu gani?"

"Mtu wa kitabuni."

Sikulala vizuri wiki ile. Nilichonga kwa nta ya rangi ya waridi, ile tunayotengenezea ufizi: mpiga mkuki mmoja, mpiga upinde mmoja, mpanda farasi mmoja. Farasi peke yake alinila mwezi. Nikawamwagia plasta, nikapata kalibu tatu, tukafungua madirisha yote, kaka akayeyusha risasi kwenye sufuria kuukuu, tukamimina. Yule wa kwanza alitoka hana kichwa. Wa pili alitoka na kichwa lakini hana miguu. Wa tatu alitoka kamili, amesimama, ana mkuki, na kaka yangu, mwanamume mwenye mabega ya kunyanyua tairi la lori, akarukaruka mle karakana mpaka mitungi ya unga wa plasta ikagongana.

Basi kalibu zilikuwa hizo tatu tu, na hazikuongezeka, maana sikuwa na moyo wa kuchonga farasi mwingine. Hili mlishike. Jeshi lake na jeshi langu yalitoka kwenye kalibu zilezile. Mpiga mkuki wake na mpiga mkuki wangu walikuwa na umbo moja, mkao mmoja, pua moja. Kilichowatofautisha ni rangi. Wake wekundu, wangu wa buluu.

Jamani, siku zile! Daktari mwenye karakana alijua tunachofanya akajitia hamnazo, mpaka siku moja mpanda farasi aliposahaulika ndani ya kisanduku cha meno kilichopelekwa kliniki. Mgonjwa alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, mzee wa watu, mwenye heshima zake. Akafungua kisanduku, akayatazama meno, akamtazama farasi, akamuuliza daktari kwa sauti ya upole, "Na huyu navaa upande gani?" Daktari alirudi karakana anabubujikwa na machozi kwa kicheko. Hakunifukuza. Alisema tu nihakikishe farasi hapandi tena gari la kliniki.

Kwenye rangi, mimi ndiye niliyekuwa bingwa. Sisemi kwa kujigamba, au tuseme najigamba, sasa iweje? Kazi yangu ilikuwa kutazama jino la mtu na kujua weupe wake una manjano kiasi gani na kijivu kiasi gani. Nilikuwa na brashi yenye nywele tatu. Askari wangu walikuwa na kope. Kaka yeye alipaka kama anayepaka ukuta, nami sikumwacha apumue.

"Hawa wako wanaumwa surua," namwambia.

"Na wako wamealikwa harusini," anajibu. "Watu wa vita gani wamejipodoa hivyo?"

Tulikwenda hivyo miaka arobaini na zaidi. Jumapili kwake, Jumapili kwangu. Tulikuwa na sheria zetu, na iliyo kali kuliko zote niliileta mimi: aliyegusa asogeze. Kaka alikuwa na tabia ya kushikashika, mara anamnyanyua huyu, mara anamrudisha, mpaka unasahau zamu ni ya nani. Nikamwambia mkono ukishamgusa askari, huyo ndiye anayekwenda, hakuna cha samahani. Mwamuzi wetu alikuwa wifi yangu, mke wa kaka. Alikaa pembeni na gazeti lake, hachezi, hapendi kucheza, lakini dadu ikiegemea ukingo wa sahani tunayotupia tunamwita, naye anashusha gazeti, anatazama, anatoa hukumu, anapandisha gazeti. Hakumpendelea mumewe hata siku moja. Hilo lilikuwa linamuuma kaka kuliko kushindwa.

Kisha wifi akaugua. Ugonjwa mrefu, wa kitandani, karibu miaka miwili. Kaka akaacha kuja, nami nikawa ndiye ninayekwenda na vyombo vya chakula, nakaa nusu saa, naona namchosha, naondoka. Vita hatukuvitaja. Alipofariki, binti yao akasema baba hawezi kubaki peke yake kwenye nyumba ile, akamchukua kwake, nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya tatu, hakuna mahali hata pa kuweka meza. Ndiyo sababu sanduku la askari likaletwa kwangu.

Katika simu ileile ya usiwaguse, binti aliniambia na jambo jingine, akiwa ameshusha sauti. "Shangazi, baba hatoki siku hizi. Hata kwenye ngazi hataki kushuka. Kitu pekee anachoulizia ni hiyo Jumapili yenu. Nimemwambia baada ya wiki mbili nitamleta, na tangu nimwambie ameanza kunyoa ndevu."

Nikafungua sanduku palepale. Loo! Nilichokiona kilinikata maini. Askari walikuwa wameharibiwa. Rangi juu ya rangi, nzito, mabonge makavu mgongoni, mistari minene imemwagika begani, matone manjano makubwa kwenye matako ya farasi. Nyuso hazionekani. Nilijua mara moja ni nani: wajukuu. Wakati nyumba ina mgonjwa, watoto wamepata kopo la rangi na hakuna wa kuwatazama, na maskini kaka yangu kwa uzito wa moyo ameona haya kuniambia. Ndiyo maana anasema nisiwaguse. Hataki nione.

Nikamwonea huruma mpaka machozi yakanilenga. Nikajiambia, kaka hatakuja mezani kwangu kupanga jeshi la aibu. Nitampa jeshi ambalo hajawahi kuwa nalo.

Kila anayecheza mchezo huu anajua namna ya kutoa rangi ya zamani, na mimi nilifundishwa na kaka huyohuyo: mafuta ya breki. Unawatumbukiza, unafunika kopo, unawaacha mpaka kesho, rangi inabambuka yote kama gamba. Yale mabonge yalikuwa magumu, mengine nikayakwangua kwa chuma changu cha kuchongea meno, kimoja kimoja, huku nawalaani wale watoto. Wakabaki vyuma vitupu, weupe, wanang'aa kama siku walipozaliwa. Kisha nikakaa dirishani na kioo cha kukuza, siku kumi na moja. Nilipaka kila kifungo cha mshipi. Nilipaka kutu kwenye ncha za mikuki. Nikawapa wapanda farasi mashuka mekundu yenye maua madogo ya dhahabu, na farasi kila mmoja na rangi yake, huyu kahawia, huyu kijivu, huyu ana soksi nyeupe mguu mmoja. Macho yangu ni ya mtu wa miaka sitini na sita, lakini nawaambia, sijawahi kupaka vile maishani mwangu.

Jumapili ikafika. Saa nne asubuhi nikasikia ngazi, nikatoka. Kaka alikuwa amemshika binti yake mkono, anapanda pole pole, ana miwani myeusi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Meno. Bado una kelele?"

"Bado. Na wewe siku hizi ni mcheza sinema, na miwani?"

"Mwanga unaniumiza," akasema.

Nikaamini. Magoti, nikajiambia nilipoona anavyotafuta kizingiti kwa mguu. Uzee, nikajiambia alipotambaza mkono juu ya meza mpaka ukakutana na kikombe. Mimi nilikuwa na jambo langu kichwani, sikuwa na nafasi ya kuona jambo la mtu mwingine. Nilikuwa nimefunika jeshi lake kwa kitambaa. Nikamwambia, "Kaka, fumba macho!"

Akacheka kicheko kifupi. "Nimefumba."

Nikavuta kitambaa. Binti yake alipiga ukelele. "Shangazi! Mungu wangu, ni wazuri! Hata kope wanazo!" Akaanza kusema kitu kingine, akamtazama baba yake, akanyamaza, akasema ana mambo ya kununua na atarudi saa nane. Akatoka mbio mbio. Nilidhani ameona wivu.

"Haya fumbua," nikamwambia kaka. "Unasemaje?"

"Wamependeza," akasema.

Basi hivyo tu! Siku kumi na moja! Nikanuna. Na tena ilinishangaza, maana kaka hajawahi kunisifia bila kwanza kunitukana kidogo. Nikasubiri tusi, halikuja. Akaniomba nimpangie, mgongo unamuuma. Nikampangia, mikuki mbele, pinde nyuma, farasi pembeni kama alivyopenda siku zote. Tukatupa dadu. Nikaanza mimi.

Zamu tatu za mwanzo alicheza kwa mdomo. "Sogeza mikuki yangu mbele yote." "Pinde zipige." Mimi nafanya, natupa dadu zake, namsomea. Nikaona uvivu umemwingia, nikavumilia. Zamu ya nne majeshi yakakutana katikati ya meza, wekundu na wa buluu wamechanganyika, na ndipo kaka akasogea na kiti chake, akanyoosha mikono yote miwili, akaanza kuwapapasa. Polepole, mmoja mmoja, mgongoni.

"Umegusa!" nikapiga kelele. "Aliyegusa asogeze!"

Mkono ukasita. Akamnyanyua aliyekuwa chini ya kidole chake, akamgeuza, akampitishia kidole gumba mgongoni mara mbili, tatu. Akamweka. Akachukua mwingine.

"Kaka, umegusa wawili! Chagua!"

Akachukua wa tatu, mpanda farasi, akamsugua farasi kwenye matako, akasugua tena, kisha kama mtu aliyejitosa tu, akamsogeza mbele akamgonganisha na mpiga mkuki.

"Namshambulia huyu," akasema.

Mpanda farasi yule alikuwa wangu. Mpiga mkuki alikuwa wake.

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. "Umehama jeshi, kaka? Unaua watu wako na farasi wangu!" Nikacheka tena, nikajifuta macho, nikamtazama nikitegemea na yeye anacheka. Alikuwa ameweka mikono magotini, amekaa wima kama mtu aliye mbele ya hakimu.

"Uliwafanya nini askari wangu?" akauliza.

"Si nimekuonyesha? Niliwasafisha. Walikuwa wamechezewa na watoto..."

"Kwa mafuta ya breki?"

"Ndiyo. Si wewe ulinifundisha?"

"Wote?"

"Wote, kaka."

Akavua miwani, akaiweka mezani, ikaangukia katikati ya askari wakalala watano. Macho yake yalikuwa mahali pake, lakini yalinitazama begani. "Sioni, mdogo wangu," akasema. "Naona mwanga wa dirisha na kivuli chako, basi. Mwaka na nusu sasa. Daktari amesema hayarudi."

Nilipigwa na butwaa. Halafu, Mungu anisamehe, nikawaka hasira. "Kwa nini hukuniambia? Mimi ni nani, mpita njia? Umekaa mwaka na nusu umetia ulimi puani, unaniacha nachezacheza kama mjinga!"

"Nilikwambia usiwaguse!" Akapiga meza, askari wakaruka. "Nilisema neno moja tu! Usiwaguse! Wewe lini utasikia, Meno? Ukishanizika?"

Alipotulia akaniambia yote, kwa sauti ya chini, na kila neno lilinichoma. Macho yalianza kufifia wakati mkewe yuko kitandani. Akafikiria atachezaje. Kwa umbo hawezi kuwajua wake na wangu, maana ni kalibu moja. Kwa hiyo akaanza kuwapaka rangi nzito wakati bado anaona kidogo, alama za kushika kwa kidole. Kikosi cha kwanza cha mikuki bonge moja mgongoni, cha pili mawili, cha tatu matatu. Wapiga upinde, mstari mnene begani. Akakaa pembeni ya kitanda miezi, anapaka, anangoja zikauke, anaongeza, anajifunza akiwa amefumba macho, mpaka akawa anamjua kila askari gizani.

"Na farasi?" nikauliza. Nilikuwa nimekwisha kukumbuka yale matone manjano.

"Farasi alipaka mke wangu."

Sikuweza kukaa. Nikasimama, nikashika kiti.

"Siku alizokuwa na nguvu nilimwekea mto mgongoni," akasema. "Akasema, 'Miaka yote nawatazama mnacheza, na mimi niwe na askari wangu.' Alipaka wote kumi na wawili, tone moja moja, kwa kidole. Brashi ilimshinda kushika. Lile tone, Meno, lilikuwa na alama ya kidole chake."

Mimi ndiye niliyeyakwangua matone yale kwa chuma cha meno. Nakumbuka nilivyokuwa naimba.

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kama mtoto aliyepigwa, na kaka akaniacha nilie. Kisha akasema, "Mpigie mtoto aje anichukue."

"Simpigii."

"Mpigie. Tumezeeka. Mchezo umeisha, hakuna ubaya. Wagawie watu."

Nikajua akishuka zile ngazi siku ile hatazipanda tena, wala hatashuka za nyumbani kwake. Atakaa kule ghorofa ya tatu, ndevu zitaota. Nikajifuta pua kwa mkono, nikaenda dirishani, nikaleta sinia la rangi, nikachagua kopo lililokwisha kugandamana, lile nililokuwa nitupe. Nikavuta kiti karibu naye. Nikamchukua mpiga mkuki wa kwanza.

"Kikosi cha kwanza," nikasema. "Bonge moja. Mgongoni juu au chini?"

Akageuzia uso dirishani.

"Nakuuliza, kaka. Juu au chini? Nitakaa hapa mpaka kesho, unanijua."

Akashusha pumzi. "Juu. Katikati ya mabega." Nikachota rangi, na kabla sijaiweka akanishika kiwiko. "Ngoja. Kwanza niambie ulimpaka vipi."

"Ili iweje?"

"Niambie."

Nikamwambia. Nikamwambia deraya nimeipa kijivu tatu, nyeusi chini, ya kati, na nyeupe kidogo pembeni kama jua limempiga. Nikamwambia uso wake ni wa mtu ambaye hajala tangu jana. Nikamwambia mkukini kuna kutu. Kaka alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Haya, weka," nikaweka bonge la rangi juu ya kazi yangu ya siku nzima. Likateremka kidogo, likafunika mshipi.

Tukaenda hivyo askari kwa askari. Ninaeleza, anasikiliza, naharibu. Wa kumi akaanza kuniuliza maswali. Wa ishirini akasema huyu naye surua imemrudia, tukacheka wote wawili. Tulipomaliza wapiga upinde akasema, bila kunigeukia, "Ulikuwa unapaka vizuri sana, Meno. Tangu zamani. Nilikuwa sikuambii kwa sababu ungetusumbua." Nikamwambia anyamaze, mkono utanitetemeka.

Wakabaki wale kumi na wawili. Nikamchukua mpanda farasi wa kwanza, nikamweleza mashuka na maua ya dhahabu, na farasi mwenye soksi nyeupe. Nikachota rangi ya manjano. "Kwenye matako," nikasema. "Tone moja."

"Hapana."

"Sasa utawajuaje?"

"Hao usiwawekee kitu," akasema. "Tone la pale lilikuwa lake. Wewe usiweke lako, wala mimi sitaweka langu. Waache hivyo hivyo."

"Lakini wangu nao hawana kitu, kaka. Farasi wangu na wako watakuwa sawasawa. Utaua watu wako tena."

"Najua," akasema. "Basi farasi nitacheza kwa kubahatisha."

Nikatazama upande wangu wa meza. Farasi wangu kumi na wawili wa buluu walikuwa pale, niliwapaka mwaka niliotimiza thelathini, na tangu siku hiyo sikuwahi kuwagusa kwa brashi. Watu wamekuja nyumbani kwangu kuwatazama. Mmoja alitaka kuwanunua, nikamwonyesha mlango. Nikamchukua kiongozi wao, yule niliyembandikia bendera ndogo ya karatasi, ambayo nusu yake niliipaka kwa unywele mmoja. Nikamwekea tone la manjano kwenye matako ya farasi. Nikamchukua wa pili.

"Mbona umenyamaza?" kaka akauliza. "Unafanya nini?"

"Napaka wangu. Wenye tone watakuwa ni wa kwangu. Wako wabaki bila kitu, mahali pa wifi pasiguswe."

Nilifika wa saba, wa nane, nasikia tu anavyopumua. Nilipomweka wa mwisho mezani akanyoosha mkono, kiganja juu. "Nipe mmoja nimshike."

Nikampa yule mwenye bendera. Akampapasa farasi shingoni, mgongoni, mpaka kidole kikaingia kwenye tone.

"Bado hajakauka, kaka. Utachafuka."

"Najua," akasema, na hakumwachia.